Ukarabati wa Kuta za Nje za Kanisa la Kale: Tathmini ya Kazi ya Mafundi

Kampuni tuliyoikabidhi kuta za nje za kanisa letu la mawe imefanya kazi ya kusifiwa, hasa katika viungo, yaani nafasi zilizo kati ya mawe. Mafundi waliikwangua kwa patasi saruji iliyopakwa na warekebishaji wa awali, bila kutumia mashine ambayo ingejeruhi kingo za mawe, kisha wakajaza chokaa. Kwa kuwa chokaa ni laini kuliko jiwe na hupitisha unyevu, maji yaliyoingia ukutani hutoka nje kupitia viungo, ilhali saruji huyafungia ndani mpaka uso wa jiwe ukabanduka. Sehemu mpya zilifunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa ili chokaa isikauke haraka ikapasuka, uvumilivu ambao wajenzi wengi hawana. Usafishaji ulifanywa kwa maji ya msukumo mdogo na brashi laini, na weusi kidogo ukaachwa makusudi. Baadhi ya waumini walinung'unika, lakini naona uamuzi huo ulikuwa sahihi. Kilichonikera ni mifereji ya mvua: ilizibuliwa mwishoni ingawa ilipaswa kutangulia, maji yakachuruzika juu ya viungo vilivyokwisha kujazwa, na sehemu moja chini ya paa ikabidi irudiwe. Waliirudia bila kudai malipo ya ziada.