Katapila la kizee la shambani: kabla hujalipa, likatishe kulia

Ile video ninayo mpaka leo. Dakika 4 na kitu, nimeichukua kwa simu yangu mwenyewe kwenye yadi moja njia ya Morogoro mwaka 2021, D4D, katapila dogo la kampuni ya Caterpillar, limepigwa rangi ya njano linang'aa, linaenda mbele, linarudi nyuma, bledi, lile koleo la mbele, inapanda inashuka, opereta wa yadi anakata kushoto, anazunguka, anakata tena kushoto, na mi nasikika pembeni nasema "safi, safi kabisa". Nimeirudia hiyo video labda mara 20. Hajakata kulia hata mara moja.

Nikalipa milioni 46, nikalipa lobedi, lile trela la kubebea mashine, nikalipa na cha juu cha dalali ambacho nilikuja kukijua baadaye, mashine ikashushwa shamba kule Handeni tayari kwa kuchimba lambo la ng'ombe. Asubuhi ya kwanza tu nikajua nimeingizwa mjini. Ukivuta stiki ya kulia, mkono wa kukatia kona, linaendelea mbele kama halijakusikia. Opereta akitaka kwenda kulia inabidi azunguke kushoto robo tatu ya duara, kila safari, dizeli inaungua, mi nimekaa kwenye kichuguu nahesabu lita. Vijana wa ng'ombe wakalibatiza Mama Kushoto na jina halijafutika.

Tangu niandike kidogo kuhusu hilo nimepata meseji za watu watatu wenye kilio kile kile, mmoja lake linakata pande zote mbili likiwa tupu, ukilibebesha mzigo wa udongo upande mmoja unasimama. Ndo maana nimekaa kuandika.

Saa za kwenye mita sitaziongelea, mita ya mashine ya miaka ya 70 ni pambo. Injini hata fundi wa Fuso atakusikilizia. Cheni, rola na sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) kila mtu atakwambia upime, na upime kweli, maana miguu ya katapila inakula hela kuliko kitu kingine chochote, lakini miguu unaiona kwa macho, unaweza kuipunguzia bei hapo hapo. Klachi za kukatia kona huzioni. Zimejificha nyuma chini ya siti, na wauza mashine wanajua kwamba huzioni.

Iko hivi. Katapila la kizamani halina usukani. Nguvu ikitoka gia boksi inagawanyika kulia na kushoto, na kila upande una klachi yake na breki yake. Ukivuta stiki ya kulia unaikatia nguvu cheni ya kulia, ya kushoto inaendelea kusukuma, kwa hiyo mashine inaelekea kulia, ukitaka kona kali unakanyaga na breki ya upande huo. Basi. Klachi ikiganda haiachii, mashine haikati. Klachi ikiteleza haishiki, cheni ya upande huo inakosa nguvu kwenye mzigo. Na kuna klachi kavu na kuna klachi zinazoogelea kwenye oili. Zile kavu, kama za D4D langu, zina maadui wawili: sili, mpira wa kuzuia oili, ikichoka oili inaingia, zinateleza, mashine ikiachwa nje mvua inapenya kwenye matundu ya stiki na pedali, diski zinashikana kwa kutu zinakuwa kipande kimoja cha chuma. Langu fundi alipolifungua tu akacheka, akasema mama hili limelala kambini masika kadhaa bila turubai.

Sasa kupima. Nenda asubuhi, waambie kabisa wasiliwashe kabla hujafika, ukikuta injini ya moto anza kujiuliza. Nenda na opereta wako wewe, si wa yadi. Kwanza likiwa tupu avute stiki ya kulia bila kugusa breki, lielekee kulia taratibu, kisha kushoto hivyo hivyo. Halafu bledi chini, lisukume udongo mpaka lizidiwe na cheni zizunguke pale pale zinachimba. Zizunguke ZOTE MBILI. Kama moja imesimama na injini inaunguruma, hapo klachi ya upande huo inateleza, na wakikwambia "ni ya kukaza tu mama" waambie wakaze wewe ukiwepo. Klachi zikiwa kavu, omba wafungue plagi ya chini ya chumba cha klachi. Kikitoka chochote, maji au oili, bei ishuke au uondoke. Zikiwa za oili angalia hiyo oili, ikiwa na rangi ya chai ya maziwa ujue imekunywa maji.

Wakikataa usiliweke kwenye mzigo kwa sababu "yadi itaharibika", panda bodaboda urudi nyumbani.

Na hili ni la usalama, niliweke hapa hapa kabla sijasahau: ukiteremka mlima na mashine inasukumwa na uzito wake, ukivuta stiki ya kushoto bila breki linakwenda KULIA, kwa sababu upande ulioachiwa ndo unakimbia. Opereta aliyezoea ekskaveta hajui hilo. Muulize kabla hujampa siti.

Haya, orodha yangu ya mashine za kununua, na sijifichi, mi ni mtu wa Caterpillar, mtanivumilia.

Namba moja ni D6D, zile za mwishoni mwa miaka ya 70 na za 80. Klachi zake ni za oili, kwa hiyo hazigandi kirahisi kama zile kavu, nguvu yake kama farasi 140 inatosha kung'oa visiki na kuchimba lambo bila kuwa jitu la kukumalizia dizeli, na injini yake 3306 ndo ile ile iliyoko kwenye greda la 140G, maana yake fundi yeyote aliyewahi kugusa greda za barabara anaijua hata gizani. Spea orijino ziko Mantrac, mawakala wa Caterpillar, zinauma lakini zipo, na cheni unaweza kuweka za Berco za Italia. Ukipata D6C yenye hali nzuri usiidharau, ni kaka yake mkubwa, injini yake D333 ndo mzazi wa hiyo 3306. Ila nakili namba ya siriali kwenye kibati kabla hujaagiza hata bushi moja. Kibati kimeng'olewa? Mi singenunua, hata liwe linaimba.

Namba mbili Komatsu D65, hasa ile ya toleo la -8. Ngumu, haina kelele nyingi, opereta wengi wanaipenda kuliko ninavyoipenda mi. Klachi za oili pia. Tatizo langu nayo ni kwamba -6 na -8 si kitu kimoja na wauza spea wanakupa "ya D65" kana kwamba D65 ni moja duniani.

D7G nimeiweka ya tatu kwa heshima tu. Ni injini ile ile 3306 ila imekamuliwa mpaka farasi 200, tani kama 20, inalaza miti mikubwa. Kwa ekari 50 unainunua ya nini? Halafu lobedi ya kuibeba unaitafuta wiki nzima, na kibali cha mzigo mpana juu yake.

D6H, yenye sproketi juu na cheni ya pembetatu, ningeiweka ya kwanza kwa jambo moja tu: klachi na breki zinachomolewa ubavuni bila kung'oa siti wala tangi, fundi ambaye ameshalia na D4D akiona hivyo anataka kupiga magoti. Bei yake lakini, jamani. Nimeziulizia mbili, nikafunga simu.

Za bei chee: Shantui SD16 iliyotumika ni Mchina aliyejifunza kazi kwa Komatsu, ukiikuta imetunzwa chukua, nyingi hazijatunzwa. T-170 la Mrusi, kama una fundi wake ndani ya familia. D4D kavu, mmeshasikia.

Sasa kutengeneza, kwa waliokwishanunua kama mimi. Kabla hujafungua jaribu bure: funga stiki ya upande ulioganda kwa kamba ikae nyuma, weka gia ya kwanza, sukuma kichuguu kikubwa huku opereta anakanyaga breki ya upande huo kwa nguvu, achia, rudia. Mara nyingine kutu inaachia kwa mlio kama bunduki. Klachi kavu inayoteleza kwa oili unaisafisha kwa mafuta ya taa, unamimina chumbani, unatembea nayo taratibu ukivuta na kuachia stiki, unamwaga, unarudia. Ikitulia, tafuta sili, maana oili itarudi.

Langu halikuachia. Fundi wangu, mzee wa Korogwe, na vijana wake wawili wakang'oa siti, tangi la dizeli, mifuniko, wiki 3, na jumla nikalipa milioni 11 na laki 4 ambazo hazikuwepo kwenye hesabu yoyote. Nusu ya hiyo hela si ya ufundi. Diski nilizoonyeshwa kwenye duka moja la Dar nikiwa peke yangu zilikuwa laki 9, nikamtuma kijana wangu kesho yake akaambiwa laki 6 na nusu, diski zile zile, kaunta ile ile. Nilipouliza mwanzo niliambiwa "mama mlete mzee tuongee naye". Mzee gani? Ng'ombe ni wangu, lambo langu, deni benki lina jina langu. Na neno "orijino" siku hizi ni boksi tu, chapa imebandikwa kwa stika ambayo ukiikwangua kwa kucha inatoka. Mwenye yadi naye nilipompigia akasema mashine ilikuwa nzima, labda barabara ya Handeni imelitikisa. Limepanda lobedi! Halijatembea hata mita moja barabarani!

Lambo lilishika maji mvua za 2022. D4D bado lipo, na nalitoa ili niongezee nichukue D6D. Milioni 50, maongezi kidogo yapo, dalali sihitaji. Linakata kulia. Njoo na opereta wako, njoo asubuhi, sitakuwa nimeliwasha.