Besi zinazonasa macho: Thunderbird, Rickenbacker 4003 na Höfner 500/1 zikiwa begani

Kuipenda besi, yaani gitaa la besi, kwa sura yake si kosa. Chombo kinachokuvutia hukitoa mkobani mara nyingi zaidi, na vidole hunufaika. Tatizo la kununua kwa picha ni kwamba jicho huchanganya rangi na umbo. Rangi chagua upendavyo, mkono hautaijua. Umbo ndilo linaloamua besi itaning'inia vipi, mkono wa kushoto utafika wapi, na kiganja cha kulia kitaegemea nini. Besi hizi tatu zina maumbo ambayo mtu huyatamani hata kabla ya kusikia sauti, na kila moja inadai kitu ambacho picha haionyeshi.

Thunderbird ya Gibson ilitoka mwaka 1963, ikiwa imechorwa na Ray Dietrich, mbunifu wa magari, na kweli mwili wake una mkao wa gari la fahari. Toleo lake la asili limegeuzwa: bawa la chini, yaani pembe ya mwili inayotokeza upande wa shingo, ni refu kuliko la juu. Uzuri wote uko hapo, na usumbufu wote pia. Kwenye Precision ya Fender, besi ya umbo la kawaida, pembe ya juu hufika karibu na freti ya 12 (freti ni vyuma vyembamba vilivyokatiza shingo), hivyo kitufe cha mkanda kiko mbele na uzito hugawanyika pande mbili. Kwenye Thunderbird hakuna pembe ya kufika huko. Mkanda hushika nyuma zaidi, na shingo ndefu yenye funguo nne za chuma za kukazia nyuzi hubaki yote upande mmoja. Ukiachia mkono, kichwa kinainama kuelekea sakafu.

Athari yake kwa mchezaji si ndogo. Mkono wa kushoto unabeba shingo huku ukibonyeza nyuzi, kwa hiyo kifundo huchoka mapema, na kuruka kutoka freti ya 3 hadi ya 10 kunachelewa kwa sababu shingo huanza kushuka mara tu kidole gumba kinapolegea. Tena, kwa kuwa mwili mzima umesogea, freti ya kwanza iko mbali kuliko ulivyozoea.

Dawa zipo. Mkanda wa sentimita 8 hadi 10 wenye ngozi ya kukwaruza upande wa begani huzuia kuteleza, na kwa wengi unatosha. Kama hautoshi, badilisha funguo za kichwani kwa aina nyepesi. Gramu chache zikitolewa kichwani husaidia kuliko gramu hizohizo zikiongezwa mwilini, kwa kuwa kichwa kiko mbali zaidi na bega. Kuhamisha kitufe cha mkanda ni hatua ya mwisho. Kwanza shikilia mkanda kwa mkono mahali unapopakusudia, uone kama besi inatulia, ndipo utoboe tundu jembamba kuliko skrubu. Ukitoboa tundu pana, skrubu italegea na besi itaanguka. Na besi hii isianguke kabisa: kichwa chake kimelala nyuma, na mti hupasuka pale shingo inapokutana na kichwa. Usiiegemeze ukutani.

Sauti yake ni nene, yenye mngurumo unaopenya hata kwenye bendi yenye magitaa mawili ya kelele. Kwa anayepiga kwa piki (kipande kidogo cha plastiki cha kukwanyulia nyuzi), amesimama, mkanda mrefu, naiunga mkono bila wasiwasi. Kwa anayefanya mazoezi ya saa nyingi akiwa ameketi, atafute umbo jingine.

Rickenbacker 4003 haina tatizo hilo la mizani kwa kiwango hicho. Usumbufu wake unaupata mkono wa kulia. Ukingo wa mwili haukuchongwa kwa mteremko pale mkono wa mbele unapolala, na ukanda mweupe unaozunguka ukingo huo huacha alama kwenye ngozi ukicheza muda mrefu. Kifuniko cha chuma juu ya pikapu (kifaa kinachonasa mtetemo wa nyuzi) iliyo karibu na daraja, pale nyuzi zinapokaa mwilini, kinapendeza sana, lakini kimekaa mahali ambapo wengi huweka vidole. Kinaweza kuondolewa, ila sehemu ya sura uliyoilipia inaondoka nacho. Urefu wa uzi unaolia ni inchi 33 na robo, karibu sentimita 84.5, pungufu kidogo tu ya inchi 34 za Fender, hivyo vidole huzoea haraka.

Jambo linalowachanganya wanunuzi wapya ni matundu mawili ya waya. Moja ni la kawaida. Jingine, lililoandikwa Rick-O-Sound, hutenganisha pikapu mbili ziende kwenye amplifaya mbili. Ukichomeka waya wa kawaida humo, utasikia pikapu moja tu na kudhani besi ni mbovu. Pia kuna vyuma viwili ndani ya shingo vya kunyoosha mti, si kimoja. Kwenye 4001, toleo la zamani lililoitangulia 4003, shingo hurekebishwa kwanza kwa kuikunja taratibu kwa mkono, kisha nati hukazwa kushikilia hali hiyo. Aliyezoea besi nyingine akikaza nati kwa nguvu anaweza kubandua ubao wa freti. 4003 ilibadilishwa ili irekebishwe kwa nati, robo mzunguko kwa mara moja. Ukinunua ya zamani kwa kupenda picha, hakikisha kwanza una fundi anayeijua.

Höfner 500/1 ndiyo nyepesi kuliko zote, kwa kuwa mwili wake wa umbo la fidla uko wazi ndani. Paul McCartney alinunua yake Hamburg mwaka 1961, na ameeleza kwamba sababu mojawapo ilikuwa umbo: pande zote zinafanana, kwa hiyo mtu wa mkono wa kushoto akiigeuza haionekani kituko. Hapo sura ilikuwa hoja halali.

Uzi wake unaolia ni wa inchi 30. Kutoka juu ya shingo hadi freti ya 4 ni takribani milimita 157, wakati kwenye besi ya inchi 34 ni 178, na kiganja kidogo kitaushukuru upungufu huo. Lakini uzi mfupi wa unene uleule, ukikazwa kwa noti ileile, huwa na mvuto pungufu kwa karibu asilimia 22. Ukiupiga kwa nguvu ya besi ndefu, unayumba na kugonga freti. Nunua nyuzi za besi fupi. Nyuzi ndefu zikikatwa, sehemu nene huzunguka kwenye ufunguo na waya unaweza kufumuka. Daraja lake la mbao halikufungwa kwa skrubu, linashikiliwa na mkandamizo wa nyuzi peke yake, kwa hiyo badilisha uzi mmoja mmoja. Ukizitoa zote kwa pamoja, daraja linahama na noti za juu zinakuwa si sahihi. Na mbele ya amplifaya yenye sauti kubwa, mwili wazi huanza kuvuma wenyewe. Simama pembeni mwa spika, punguza sauti nzito za chini kwenye amplifaya. Kwa kurekodi, au kwa muziki wa sauti ya wastani, ni chombo kitamu mno.

Ukiagiza yoyote kati ya hizi bila kuigusa, mwombe muuzaji uzito uliopimwa kwenye mizani, picha ya shingo iliyopigwa kutoka kichwani kuelekea daraja ili uone kama imejipinda, na picha ya nyuma ya kichwa. Zaidi ya kilo 4.5 ni mzigo kwa onyesho refu.

Ikifika, ivae ukiwa umesimama kwa dakika 20 na mkanda utakaoutumia. Tyuni, bonyeza uzi wa E (ule mnene kuliko zote) kwenye freti ya 1 na pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama nafasi iliyopo karibu na freti ya 8: milimita 0.3 hivi ni sawa. Kwenye freti ya 17, nafasi ya milimita 2.4 chini ya E na 2.0 chini ya G (uzi mwembamba kuliko zote) ni mwanzo mzuri. Halafu piga kila freti ya kila uzi. Sikiliza sana uzi wa G kati ya freti ya 5 na 7, ambako noti kwenye besi nyingi hufa mapema. Noti fupi hapo haiponi kwa kurekebisha daraja, kwani chanzo chake ni mtetemo wa shingo yenyewe.

Kama rangi ni ya nitroselulosi, aina ya laki inayopakwa kwenye magitaa, usiiweke kwenye stendi yenye mpira au vinaili tupu. Vitu hivyo huilainisha na kuacha doa lisilotoka. Funika stendi kwa kitambaa cha pamba. Na plastiki ya kinga iliyobandikwa mbele usiibandue hadi majaribio yote yaishe, kwa sababu muuzaji anaweza kukataa kuipokea besi ikirudi bila hiyo.