Omron M3 kwa mama anayeuguza wagonjwa watatu nyumbani

Katika nyumba nyingi za Kampala, uuguzi humwangukia mwanamke mmoja: mume aliyepata kiharusi, mama mkwe mwenye presha, na jaja (bibi au babu) mwenye presha na kisukari kwa pamoja. Mwuguzi wa namna hiyo akitafuta mashine ya presha, Omron M3 inamfaa, na sababu kubwa ni mkanda wake.

Mkanda huo unashika mikono yenye mzunguko wa sentimita 22 hadi 42. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha namba kuliko hali halisi, mtu akaongezewa dawa bure. Ukiwa mkubwa mno kwenye mkono mwembamba, huzishusha. Kabla ya kununua, chukua futi ya fundi cherehani upime kila mgonjwa katikati ya bega na kiwiko. Baadhi ya wazee waliokonda hawafiki 22, nao wanahitaji mkanda wa kwao.

Udhaifu wake ni kumbukumbu: watu wawili tu, vipimo 60 kwa kila mmoja. Wastani hupigwa kwa vipimo viwili au vitatu vya mwisho vilivyochukuliwa ndani ya dakika 10, hivyo ukipima wagonjwa wawili mfululizo kwenye namba moja ya mtumiaji, wastani huo si wa yeyote kati yao. Kwa nyumba ya watu watatu, daftari ni lazima. Mpe kila mmoja kurasa zake, uandike tarehe, saa, namba ya juu, ya chini na mapigo. Hilo ndilo daktari atakalosoma kliniki.

Mgonjwa akojoe kwanza, kisha aketi dakika 5 akiwa ameegemea, nyayo chini, bila kuongea. Chai ya majani, kahawa na sigara viwe vimeachwa nusu saa kabla. Mkono wa gomesi (gauni la kitamaduni la wanawake) usiukunje juu ukabana, mvue kabisa. Ukingo wa chini wa mkanda ukae sentimita 1 hadi 2 juu ya kiwiko, mpira wa hewa ushuke upande wa ndani, na mkono ulale mezani usawa wa moyo. Pima mara mbili, dakika moja katikati, asubuhi kabla ya dawa na jioni. Aliyepooza apimwe mkono usiopooza, na ubaki huohuo kila siku.

Nyumbani, wastani wa 135/85 au zaidi ni presha ya juu. Ikifika 180/120, rudia baada ya dakika 5. Ikibaki hapo pamoja na maumivu ya kifua, kukosa pumzi au ulimi kuwa mzito, mpeleke hospitali saa ileile, hata kama ni usiku.

Inatumia betri 4 ndogo za AA. Nunua za alkalini; za bei rahisi huisha upesi. Ukizibadilisha, hakikisha tarehe na saa bado ni sahihi.