Dawati la msaada wa fidia ya ardhi, Lindi mjini

Kama shamba lako limetwaliwa na malipo yamekaribia, pitia hapa kabla ya kwenda benki. Wahudumu wa dawati hili wanachokijua barabara ni kulinganisha majina. Karani anapanga mezani fomu ya uthamini, kitambulisho cha NIDA na kadi ya benki, kisha anafuata herufi moja moja kwa ncha ya kalamu. Fomu ikisema "Athumani" na akaunti ikisema "Athuman", pesa inaweza kukwama; dawa ni hati ya kiapo, nao huelekeza pa kuipata.

Jedwali la malipo nalo wanalichambua vizuri sana. Mkorosho unaozaa ukiandikwa kama mche, mzee wa watu amepunjwa. Kwa aliyehamishwa nyumbani, posho ya makazi ni kodi ya mwezi mara 36, na ya usafiri ni gharama ya kubeba tani 12 kwa kilomita 20. Usiweke dole gumba hujaiona mistari hiyo! Malipo yakivuka miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe, dai riba.

Kasoro ni kwenye mirathi, pale mwenye shamba amefariki. Familia zinaambiwa tu "nendeni Mahakama ya Mwanzo", bila kukumbushwa kubeba cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo. Mjane anayetoka Mchinga analipa nauli mara mbili kwa karatasi ambayo ingetajwa kwa sentensi moja. Wabandike orodha mlangoni.

Fika mapema, na nakala mbili za kila hati.