MinION kwa mpunga pori wa Malagarasi: kifaa kinafaa, kazi iko kwenye jani

Kwa anayetaka kusoma jenomu (DNA yote) ya mpunga pori, yaani Oryza longistaminata, akiwa Kigoma au Tabora, MinION, kifaa cha kusomea DNA cha kampuni ya Oxford Nanopore, ni chaguo zuri. Kinaenea kiganjani na kinapata umeme kwa waya wa USB wa kompyuta. Mpunga huu huota wenyewe kwenye maeneo oevu kama ya mto Malagarasi, na mkulima wa majaruba huuona gugu sugu kwa sababu mashina yake hutambaa chini ya udongo. Ndiko ilikotoka Xa21, jeni inayokinga ugonjwa wa bakteria wa kukausha majani, na ndio mmoja wa wazazi wa PR23, mpunga wa kudumu ulioidhinishwa China mwaka 2018. Unastahili kusomwa hapa hapa unapoota.

Kinachoharibu kazi mara nyingi ni DNA chafu. Funika mmea gizani siku 2 ili wanga upungue, kisha chuma majani machanga. Yaliyokaushwa kwa silika (chembe zinazofyonza unyevu) yanatosha kwa PCR, yaani kunakili kipande kimoja tu cha DNA, ila hapa hutoa vipande vifupi. Toa DNA kwa CTAB (sabuni ya kupasua seli) ya asilimia 2 yenye chumvi mola 1.4 na PVP, inayonasa uchafu wa mmea, kwenye joto la nyuzi 65, kisha klorofomu. Usitikise tyubu, igeuze taratibu: DNA ikikatika, urefu wa kusoma ndio umepotea, na huo ndio unaolipiwa. Kipimo cha usafi cha 260/230 (uwiano wa mwanga unaofyonzwa) kikiwa chini ya 2.0, safisha tena. Kiasi kipime kwa mashine ya Qubit, kwa sababu ile ya NanoDrop huhesabu na RNA. Seti ya vitendanishi ya LSK114, inayoandaa DNA kabla ya kusomwa, inataka mikrogramu 1 ya DNA.

Kadi ya kusomea (flow cell), inayochomekwa kwenye kifaa, ndiyo ghali na ndiyo dhaifu. Ikae nyuzi 2 hadi 8, na isigande kamwe. Safari ya kutoka Dar es Salaam ni ndefu, kwa hiyo weka gazeti au kitambaa kati yake na barafu. Ikifika tu, hesabu matundu hai, yaani yale yanayoweza kupitisha na kusoma DNA: yakiwa chini ya 800, dai dhamana mapema. Kabla ya kumimina chochote, vuta kwa pipeti hewa iliyo kwenye mlango wa kadi. Kiputo kikipita juu ya matundu, yaliyoguswa hayafufuki.

Jenomu yenyewe haifiki herufi milioni 400 za DNA, lakini mpunga huu huchavushwa na mmea mwingine, hivyo nakala mbili za kila kromosomu hutofautiana sana. Programu ya kuunganisha vipande vilivyosomwa ikishindwa kuzitenganisha, jenomu hutoka kubwa kuliko ilivyo. DNA ya kloroplasti, sehemu za kijani za seli, nayo hula sehemu ya data. Panga bajeti ya kadi 2.

Udhaifu mkubwa ni kompyuta. Kugeuza mawimbi ya umeme yanayorekodiwa na kifaa kuwa herufi kwa programu ya Dorado kunahitaji kadi ya picha yenye nguvu, kwa kawaida ya NVIDIA. Bila hiyo utasubiri wiki kadhaa. Hifadhi faili za POD5 (zenye mawimbi hayo ghafi) kwenye diski ya SSD ya TB 1, uzipeleke penye mashine hiyo kuliko kuzipakia kwa intaneti ya simu. Kusoma huchukua hadi saa 72: weka UPS, na zima usingizi wa kompyuta pamoja na masasisho ya Windows.

Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, kitangulie kuchuma jani. Na kama shida yako ni kujua tu iwapo mmea una Xa21, usinunue kifaa hiki: PCR inatosha, kwa gharama ndogo sana.