Chuo Kikuu cha Iringa, maoni yangu kuhusu maisha ya pale

Wanaouliza kuhusu Chuo Kikuu cha Iringa, hiki cha KKKT (Kanisa la Kilutheri Tanzania) kilichoanza 1994 na watu wengi bado wanakiita Tumaini, mi nakipendekeza kabisa. Sio chuo kikubwa kwahiyo mnajuana haraka, fasti yia hakai mpweke maana mapema tu washamvuta kwaya au felowshipu, na aisee hao ndo watakaokupikia uji ukiumwa geto, hili nalithamini kuliko kitu chochote pale. Ila mazoezi ya kwaya yanakula jioni, UE (mitihani ya mwisho wa muhula) ikikaribia panga muda wa diskasheni. Geto la mtaani uliza maji kabla hujalipa kodi. Blanketi zito lazima, baridi ya mwezi wa sita na wa saba Iringa sio ya kitoto.