TAHADHARI: Rangi ya mafuta "isiyo na risasi", Mbeya hadi Makambako

Wadau, kuna jamaa anazunguka na galoni za rangi ya mafuta za bei chee kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi, kuanzia Mwanjelwa hadi Makambako. Anafungua kopo, anachovya kijiti cha pamba cha kupimia risasi (metali yenye sumu), ambacho hugeuka chekundu kikiigusa, kwenye rangi mbichi; pamba haigeuki nyekundu, basi: "Umeona? Haina risasi." Kisha anatoa cheti cha maabara kilichopigwa laminesheni. Msinunue kwa ushahidi huo.

Kijiti kile hutumika kwenye rangi iliyokauka, tena ikwanguliwe kwanza matabaka yote yaonekane. Hata hapo kimekusudiwa kunasa rangi kongwe yenye risasi ya kama asilimia 0.5, yaani miligramu 5,000 kwa kilo. Kikomo kinachopendekezwa na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ni 90. Rangi yenye 3,000 inaweza kupita hapo bila kijiti kusema lolote. Njano na chungwa ndizo mbaya zaidi: kromati ya risasi, unga unaozipa rangi hiyo, haiyeyuki kirahisi, kwa hiyo pamba inaweza isigeuke nyekundu. Na rangi nyekundu inachafua pamba yenyewe, hujui unasoma nini.

Maabara hukoroga kopo mpaka chini, maana pigimenti (unga wa rangi) ya risasi ni nzito na inatuama. Rangi inapakwa kwenye kioo safi, brashi mpya kwa kila sampuli, inakauka kabisa, inakwanguliwa na kusagwa. Kiasi kisichozidi nusu gramu kinachemshwa kwa asidi ya nitriki, kinachujwa, ndipo kinasomwa kwa mashine, sambamba na asidi tupu na sampuli rejea ambayo kiwango chake kinajulikana.

Sasa angalia cheti chake: "IMEFAULU", basi. Hakuna namba ya toleo (bechi) la rangi, hakuna miligramu kwa kilo, wala neno "uzito mkavu". Hilo la mwisho ndilo mtego: kikomo cha 90 huhesabiwa kwa rangi kavu. Rangi yenye 150 ikiwa kavu, kama nusu ya uzito wake koponi ni thina, ikipimwa mbichi itasoma 75.

Mkemia Mkuu wa Serikali na TBS (Shirika la Viwango) wana ofisi za kanda Mbeya. Ulizeni kwanza utaratibu na gharama, kisha pelekeni kopo ambalo halijafunguliwa, lebo ikiwa nzima.

Aliyekwisha kupaka asipige msasa mkavu. Lowanisha kwanza, tandika nailoni chini, na watoto wasiingie mpaka sakafu ipigwe deki.